Ndoto Iliyolaza Mpunga wa Mwamini

Uvumi ule Mwajabu aliuokota kisimani, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani: kwamba dawa mpya ya kuachisha sigara, ile iliyoingia Kibiti na soko huria, inamtoa mtu ndoto nje. Yuko mmoja kule Dimani, walisema, ndoto yake imeonekana gulioni ikichagua chumvi.

Mwanawe Kibwana alikuwa ameshaanza kuimeza.

Kibwana hulinda mpunga wake bondeni. Usiku yuko juu ya dungu akifukuza nguruwe na viboko, mchana analala. Sigara ndizo zilizomkesheza, mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Akaenda dukani kwa Ismaily, muuza dawa. Ismaily hakumwuliza cheti cha daktari. Hakumwuliza kama ana kifafa, wala kama aliwahi kuingiwa na huzuni isiyo na sababu. Alikata vidonge kwa mkasi, akavifunga kwenye gazeti.

"Asubuhi na jioni, bwana mkubwa. Utaisahau sigara kama ulivyomsahau mtalaka wako."

Sigara aliisahau kweli.

Ndoto ilitoka siku ya Ijumaa, baada ya sala, Kibwana akiwa usingizini. Iliketi kitandani, ikatafuta kandambili, ikazikosa, ikatoka peku. Ilikuwa Kibwana yule yule, ila imelowa na haisemi. Mwajabu alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akaipisha. Ikashuka bondeni, ikakata katikati ya mpunga wa jirani yao Mwamini, ikaulaza, ikaenda kusimama ukingoni inatazama mto.

Kibwana akaamka analia. "Mama, yule pale mtoni ananiita."

"Mwambie una mama."

Kila mchana ikawa vile. Leo maji ya magoti, kesho ya kiuno. Mwajabu akawa anaifuata na sahani ya wali, maana ikila haitazami mto. Akavificha vidonge. Kibwana akanunua vingine, akamfokea mama yake, yeye ambaye hajapata kumfokea hata kuku.

Mwajabu akamburuta hadi zahanati ya serikali. Mganga akasikiliza, akauliza ndoto inatoka saa ngapi, akaandika.

"Hii ni dawa ya cheti, mama. Ilikuwa haki yake aambiwe madhara kabla hajameza. Na aliyedhurika ana haki ya kushtaki."

Akamwachisha dawa, akawa anamwita kila mara amtazame. Huzuni ikapungua. Ndoto ikabaki.

Lakini aliyetangulia kushtaki ni Mwamini. Na bondeni kesi ya mpunga huamuliwa kwa unyayo: mguu ulioulaza ndio unaohukumiwa. Wazee wa baraza wakamkanyagisha Kibwana tope, wakaupima unyayo wake na ule wa shambani. Sawasawa, hata kidole kilichopinda.

"Mguu ni wake," akasema mwenyekiti, Mzee Abdulswamadu. "Ndoto haina shamba la kufidia."

Mwajabu akasimama bila kuitwa. "Basi upimeni na mguu wa Ismaily! Kamuuzia mwanangu dawa kama anauza karanga, hakuuliza hata jina lake!"

Ismaily alikuwa kwenye benchi, anajipepea kwa kofia. "Mama Kibwana, hili soko huria. Mimi nilimshika taya nikamlisha?"

Watu wakacheka. Wazee wakavitazama viatu vya Ismaily. Havikuwa na tope. Kesi ikaisha, na shamba la Kibwana akapewa Mwamini avune msimu ule. Jioni ile ile duka la dawa lilikuwa wazi na watu wamepanga foleni.

Siku hizi ndoto inalala kwao. Mwajabu anaipakulia na kuitandikia mkeka upande wa ndani, yeye analala mlangoni. Na kila anayepita kwenda Kibiti anamwambia, atake asitake:

Usinunue dawa ya cheti bila cheti.

Usipokee vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, visivyo na boksi wala maelezo.

Usimfiche daktari kifafa chako, huzuni yako ya zamani, wala dawa nyingine unayokunywa.

Usigawane na mwenzio kama kipisi cha sigara.

Mwanao akibadilika, akifoka, akitaja kufa, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Usikubali kuambiwa umejitakia.

Na usimwache peke yake karibu na maji.