Rupia ya Tembo Asiye na Mkonga

Kosa lilianza na shilingi ya simba, na shilingi yenyewe haikuwa hata yangu. Iliniletea balaa iliyomwacha mke wangu Razia bila usingizi, na mimi bila mtoto. Naisema hapa mwanzoni kwa sababu sina hamu ya kumzungusha mtu.

Naitwa Fazal Karim. Miaka thelathini na moja nilikata tiketi kwenye stesheni ya Malakwal, na ukikaa dirisha la tiketi muda wote huo, pesa ya kila nchi itapita chini ya pua yako. Mtu ametoka Maskati, anakupa baisa akidhani ni rupia. Bibi amevunja ukuta wa nyumba ya zamani, anakuja na chapaa ya enzi ya masultani. Wenzangu walizirudisha kwa matusi. Mimi nilizinunua kwa mfuko wangu, nikaenda nazo nyumbani, nikakaa na lenzi mpaka nizijue zimetoka wapi, mwaka gani, mfalme nani. Nilipostaafu nilikuwa na albamu kumi na nne. Mtaani wakawa wananiletea sarafu kama watu wanavyopeleka mgonjwa kwa daktari, na mimi nilijisikia, nisifiche. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayeulizwa.

Katika zote, niliyoipenda kuliko zote ilikuwa rupia ya fedha ya mwaka 1911, ya mfalme wa Kiingereza. Kwenye joho la mfalme, kifuani, kuna tembo mdogo. Aliyemchonga alimfanyia mkonga mfupi mno, basi watu walipoiona wakasema huyu ni nguruwe, Waingereza wametuwekea nguruwe kwenye pesa. Ikawa zogo. Serikali ikazikusanya ikaziyeyusha karibu zote, mwaka uliofuata wakamchora tembo upya. Chache zilipona, na moja ilikuwa yangu. Shavuni mwa mfalme ilikuwa na kovu dogo lililojipinda kama ukucha, alama ya patasi ya sonara fulani wa zamani aliyetaka kujua kama fedha ni safi. Kwa kovu hilo ningeitambua hata gizani, kwa kidole.

Tabibu Manzur, muuza dawa za miti shamba pale sokoni na mkusanyaji mwenzangu, aliitamani mpaka ikawa kichekesho. Kila Ijumaa nikiingia dukani kwake ananiambia mbele ya wagonjwa, "Karibu, mfuga nguruwe. Mnyama wako hajambo? Anakula?" Mimi namjibu, "Anakula vizuri kuliko wagonjwa wako." Watu wanacheka. Razia alikuwa hacheki. Alinikataza kuiweka chumba chenye msahafu, na hakuwahi kuigusa wala kuiangalia.

Sasa, mtoto. Tauqir alikuwa wa pekee, tulimpata tumeshakata tamaa. Alisoma ufundi wa umeme, akapata cheti, akakaa na cheti miaka mitatu. Kila barabara hapa kwetu ina nyumba mpya ya ghorofa iliyojengwa na kijana aliye Ulaya, na kila kijana aliye Ulaya alikwenda kwa njia za panya. Nilimgombeza, nikanyamaza, nikamgombeza tena. Mwishowe akasema, "Baba, wewe dunia nzima unayo kwenye albamu. Mimi sijavuka hata mto." Sikumgombeza tena.

Siku ya kuondoka ilikuwa asubuhi ya Februari, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Razia alikuwa amekaanga pinni, vibonge vitamu vya unga na samli na sukari guru, vya kumtosha safari nzima. Lilibaki jambo moja, imamu zamini. Kwetu mtu hasafiri bila hiyo. Sarafu inashonwa ndani ya kitambaa cha kijani, msafiri anafungwa mkono wa kulia juu ya kiwiko, anakwenda katika dhamana ya Imamu. Akifika salama anaifungua, anampa maskini. Ndiyo alama kwamba amefika. Watu hufunga sarafu yoyote, ya chuma inatosha. Razia alitaka ya fedha. Mwanawe mmoja, hakutaka kumtuma ulimwenguni na chuma.

Mimi nilikuwa mezani. Jana yake mtu mmoja, ambaye babu yake alijenga reli huko Afrika Mashariki, alikuwa ameniachia shilingi ya simba. Simba amesimama, nyuma yake milima, na mwaka umefutika. Nilikuwa nimeinamia lenzi natafuta tarakimu ya mwisho, ishirini na mbili au ishirini na nne. Kando ya kiwiko changu nilikuwa nimezimwaga rupia zangu za fedha, na ile ya 1911 nilikuwa nimeitoa kwenye bahasha yake usiku wa kuamkia siku hiyo niipime uzito, Tabibu alitaka kuujua, nikaichanganya na nyingine kwa uvivu wangu.

Razia akaja na sindano na kitambaa. "Baba Tauqir, nichukue moja ya hizi?"

"Chukua, chukua."

"Yoyote?"

"Mama, si nimekwambia chukua? Unanikingia mwanga."

Sikuinua kichwa. Mtoto wangu alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, nami nahesabu manyoya ya simba. Nilipokwenda kuagana naye nilikuwa bado nimeshika lenzi mkononi. Nikamkumbatia nayo.

Siku ya tatu Tabibu Manzur alikuja nyumbani. "Mlete mnyama tumwone," akasema. Nikafungua bahasha, tupu. Nikapekua rupia zote, 1912, 1913, 1914, moja moja, mpaka jasho likanitoka. Halafu nikakumbuka sindano na kitambaa cha kijani.

Nina hasira mbaya, nilizaliwa nayo. Nilitoka uani nikamkuta Razia anakanda unga, nikamjia juu kama mtu aliyeibiwa. "Unajua ulichofanya? Umemfunga mtoto nguruwe. Nguruwe mkononi! Imamu gani atamchukulia dhamana mtu mwenye nguruwe mkononi?"

Alibaki na unga kwenye vidole. Hakunikumbusha kwamba aliniuliza. Alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye sakafu yenye maji.

Tabibu akatoka nyuma yangu, mara hii hana mzaha. "Shemeji, usimsikilize. Yule ni tembo. Fazal, mwambie ni tembo."

"Niache niseme ninavyotaka kwenye nyumba yangu."

"Mwambie, bwana."

Sikumwambia. Nilijua ni tembo, hakuna mtu wilaya nzima aliyejua kuliko mimi, ningeweza kueleza mpaka jina la nishani ya mfalme alimochorwa. Nilitaka aumie kidogo kwa sababu mimi nilikuwa nimeumia kwa ajili ya kipande cha fedha. Nikasema nitamwambia kesho, hasira zikitulia. Kesho yake nilikuwa bado nimenuna. Baadaye ikawa ni neno lililokwisha pita, na kulirudia ni kukiri, na mimi kukiri ni kazi nzito. Maneno ya Tabibu hayakumsaidia, maana jina la nguruwe ni yeye aliyelianzisha. Razia akaanza kufunga, Jumatatu na Alhamisi. Usiku namsikia anageuka geuka.

Aprili Tauqir alipiga simu kutoka Libya. Razia alinyakua simu kabla yangu. Hakumuuliza kama amekula. "Mwanangu, bado umeivaa ile imamu zamini? Ivue. Ivue sasa hivi uitupe, funga nyingine, hata ya bati."

Nikampokonya simu. "Usithubutu! Hiyo rupia duniani zimebaki za kuhesabu. Usiivue, usimpe mtu. Ukifika, maskini mpe kitu kingine, hiyo uniletee."

Tauqir akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Sasa baba, nimsikilize nani?"

"Mimi."

"Haya. Naivaa mpaka nikuletee mwenyewe." Akaongeza, "Ile ya simba uliijua?"

"Ipi?"

"Ile uliyokuwa unaiangalia siku naondoka."

"Ishirini na nne," nikasema.

"Nilijua utaipata," akasema. Simu ikakatika.

Ndiyo mara ya mwisho kumsikia mwanangu. Tuliongea habari za sarafu.

Juni mashua iliyotoka Libya ilizama, imejaa vijana wetu. Wazazi wakaunda kundi kwenye simu. Kila siku picha, kila siku majina, fulani yuko hospitali, fulani yuko kizuizini, fulani hajulikani. Tauqir hakuwa kwenye orodha yoyote, ya wazima wala ya wafu. Mimi nikashika hilo. Nikamwambia Razia kijana hana karatasi, atakuwa amejificha, ataibuka. Nilianza hata kupekua minada ya sarafu kwenye mtandao. Nilijiambia kama amefika, huenda maskini aliyepewa ameiuza, na nikiiona inauzwa Roma au Athens basi mwanangu amefika salama na ameniasi. Niliomba aniasi. Kila rupia ya 1911 niliyoikuta niliikuza nitafute kovu shavuni, na kila nikikosa nilibaki na hasira na matumaini kwa pamoja, sijui niseme vipi.

Septemba, adhuhuri, Tabibu Manzur aliingia bila kubisha. Mpwa wake alikuwa na rafiki kwenye ile mashua, kwa hiyo naye alikuwa kundini. Hakukaa. Alinipa simu yake.

"Angalia wewe," akasema. "Mimi sitaki kuwa na uhakika."

Picha zilitoka kwa mama mmoja kwenye mji wa pwani huko Ugiriki, ambaye hupiga picha vitu vya maiti wasio na majina, ndugu wapate kuvitambua. Kitambaa kilikuwa kimepauka, lakini pembeni, penye mshono, kijani kilibaki. Mshono ulikuwa wa Razia, anarudia mara mbili kwenye pembe. Kando ya kitambaa, sarafu, picha mbili, mbele na nyuma. Fedha imekuwa nyeusi kwa chumvi. Chini yake ameandika, nani anaijua hii?

Nikaikuza kwa vidole. Mwaka, 1911. Nikageukia picha ya pili, nikachukua lenzi nikaiweka juu ya kioo cha simu, ingawa haikuhitajika. Shavuni mwa mfalme lilikuwepo kovu, limejipinda kama ukucha.

Miaka yote hii watu wananiletea sarafu niwaambie ni ipi, na sikuwahi hata mara moja kuomba nikosee. Siku hiyo niliomba. Niliiangalia kwa kila upande ambao ningeweza kukosea. Sikukosea.

Razia alikuwa ameshafika mlangoni, ana shuka la kuanika mkononi. Alimwangalia Tabibu, akaniangalia mimi.

"Ni yenyewe?"

"Ndiyo."

Hakulia. Alilikunja lile shuka, bichi hivyo hivyo, mara mbili, mara nne, akaliweka kitandani. Tabibu akatoka nje akasimama uani, ametupa mgongo.

"Nisikilize," nikamwambia. Nikakaa. "Siku ile uliniuliza. Ulisema nichukue moja, nikasema chukua, sikuinua kichwa. Mimi ndiye niliyeichanganya. Na yule mtoto angekusikiliza wewe, mimi nikamkataza. Kosa langu lote, Razia. Hakuna lako."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."

"Na siyo nguruwe. Haikuwa nguruwe hata siku moja. Ni tembo. Nilijua tangu siku niliyoinunua. Nilikwambia nguruwe kwa hasira tu, kwa ubaya wangu. Mwanao alikwenda na tembo mkononi, mnyama hana ubaya wowote. Njoo uone."

Nikampa lenzi. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuishika. Nikamwonyesha inavyoshikwa, karibu na jicho, nikamshikia simu. "Hapa, kifuani. Hayo masikio. Huu hapa mkonga, mfupi, lakini ni mkonga. Unauona?"

Aliinama. Akaangalia kwa muda mrefu sana, kuliko nilivyowahi mimi kuangalia sarafu yoyote. Pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa kanga ya kichwani, akaangalia tena. Nilikuwa nangoja aseme ameona. Ningetoa albamu zote kumi na nne aseme ameona.

"Mimi naona nguruwe tu," akasema, akanirudishia lenzi.