Msusi kwenye Picha ya Tramu

Jumanne saa nne asubuhi Burhani alikuwa anafuta kioo kwa gazeti katika duka lake la fremu, mtaa wa Bertrams, Bakiri alipoingia na bahasha yenye picha kumi na moja za zamani. Bakiri alikuwa wakala wa kampuni iliyokuwa ikinunua nyumba za mtaa ule na kujenga maghorofa. Kampuni ilitaka picha zitundikwe kwenye ukumbi wa jengo jipya, ili wapangaji wajue wamehamia mahali penye historia.

"Zimetoka wapi?" Burhani aliuliza.

"Kwenye dari za nyumba tulizobomoa. Wenyewe hawapo."

Burhani, mtu wa Tanga aliyekaa Johannesburg miaka kumi na tisa, alikuwa na kawaida ya kukagua kila picha kwa lenzi asije akafungia vumbi ndani. Picha ya nne ilionyesha mtaa wao mwaka 1936: tramu, farasi wa muuza maziwa, safu ya vibaraza. Kwenye ngazi za nyumba ya tatu alikuwa ameketi Clémentine, msusi kutoka Bukavu, amevaa aproni ya plastiki na kandambili, chanuo limechomekwa kichwani.

Hadi wiki tano zilizopita Clémentine alikuwa na saluni katika nyumba hiyo. Wasusi wenzake walisema amehamia Rosettenville, kusini mwa jiji. Mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, alisema amerudi kwao Kongo. Simu yake haikupatikana.

Burhani aliifunika picha kifudifudi. Kwanza alimshuku Bakiri, kwamba ameileta kumpima. Kisha akamshuku mwenye spaza. Mchana mkewe, Mwanaasha, alipomuuliza mbona hali chakula, akamshuku na yeye.

Sababu alikuwa nayo. Wiki tano nyuma alitia saini karatasi ya kiapo, ikapigwa mhuri kituo cha polisi, kwamba alimwona Clémentine akitoa vitu vyake kwa hiari na kukabidhi funguo. Siku hiyo Burhani alikuwa Fordsburg, upande wa pili wa jiji, kununua vioo. Wiki iliyofuata mkataba wa duka lake uliongezwa miaka mitatu na kampuni ile ile. Hakuna aliyesema kwamba mambo hayo mawili yalihusiana.

Alikata kadibodi nyeupe pana ya kuzungushia picha, akaufunika upande wa zile ngazi. Asubuhi alimkuta Clémentine amehamia katikati, karibu na tramu, juu ya kiti cha plastiki. Akakata kadibodi nyingine. Clémentine akasogea tena. Siku ya tatu Burhani alimwita Bakiri.

Bakiri aliitazama picha kwa muda. "Huyu Clémentine."

"Ndiye."

"Amepungua kidogo. Nilisikia yuko Rosettenville."

"Nani alikwambia?"

Bakiri akainua macho. "Si wewe uliyemwona akiondoka?"

Burhani akajishughulisha na gundi.

"Mwache hapo," Bakiri akasema. "Picha yenye mtu inapendeza kuliko ya mtaa mtupu."

Picha zikatundikwa ukumbini mwezi wa tano. Falonne, mdogo wake Clémentine, aliyekuwa akifanya kazi za ndani mtaa wa Observatory, alipata habari kwa mtu anayepeleka vifurushi kwenye jengo lile. Akawa anakwenda kila Jumapili akitoka kanisani. Mlinzi alimtaka aandike jina lake kwenye daftari, jina la anayemtembelea, na namba ya mlango. Penye namba ya mlango aliandika: picha ya nne. Alipewa dakika kumi na tano kama wageni wengine.

Jumatatu moja alikuja dukani.

"Kaka Burhani, kwenye karatasi ya polisi kuko jina yako. Ulimuona dada akitoka?"

"Nilimwona."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake."

"Yeye anasema walikuja watu wane. Anasema mulango walivunja."

"Anasema vipi? Si picha?"

"Midomo inatembea. Ninasoma polepole." Falonne alikuwa amekwenda ofisi ya malalamiko ya wapangaji. Karani alimsikiliza vizuri, akamwambia picha ya mwaka 1936 haiwezi kuwa ushahidi wa jambo la mwaka huu, alete mtu. "Ndiyo nimekuja kwako, kaka. Uende useme tu vile uliona."

Burhani aliangalia mlangoni, asijue kama Falonne ametumwa, na kama ametumwa, na nani. "Nitafikiria," akasema.

Falonne alingoja amesimama, kisha akashukuru na kuondoka. Usiku ule Mwanaasha hakumuuliza mumewe kitu. Wakati wa mazungumzo yale alikuwa nyuma ya pazia la duka na alisikia yote, na alijua siku ya Fordsburg, kwa sababu walikwenda pamoja.

Mwezi wa nane Bakiri alipiga simu kwamba picha ya nne imekaa upande. Burhani alikwenda na bisibisi. Karibu na tramu palikuwa na watu wengi sasa. Clémentine alikuwa akimsuka mama aliyekuwa akiuza nyanya kwenye kona, ambaye meza yake iliondolewa mwezi wa sita, na nyuma yao wengine wawili walikuwa wameketi kwenye ndoo wakisubiri zamu.

"Unawajua hawa?" mlinzi aliuliza.

"Hapana," Burhani akasema.

Clémentine aliinua macho, akamwona, akarudi kwenye msuko wake. Burhani alikaza skrubu, akainyoosha fremu kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili kuhakikisha imekaa sawa.