Friza la Ndugu Mkurugenzi

Mwaka wa saba baada ya Azimio, Humaidi bin Thabit, mtunza ghala wa kituo cha utafiti wa mifugo pale Itetemia, alikabidhiwa amana iliyokaribia kukosa uzito: vichupa arobaini vya unga mweupe wa protini, uliotengenezwa ng'ambo ili kujaribia tiba ya ndigana, homa ya ng'ombe. Daktari Paskazia, aliyeuomba unga huo kwa barua za miaka minne, alikuwa akienda masomoni kwa miaka miwili.

"Mzee wangu, friza hili lisifunguliwe ovyo," alimwusia. "Joto likiingia, unga huvuta unyevu, na ukishavuta umekufa. Sitapewa mwingine."

Balaa ni kwamba friza lenyewe lilikuwa jipya, naye Ndugu Sylvester, Mkurugenzi, alikuwa mtumwa wa kila kipya. Ulipokuja ujumbe wa wilaya, alilifungua. Ulipokuja wa mkoa, alilifungua akahutubia, mvuke ukimtambaa miguuni mfano wa ubani katika maulidi ya mtu asiyeswali.

"Ndugu Mkurugenzi, baridi inatoka."

"Mzee Humaidi, baridi hii ni mali ya umma. Umma na uione!"

Amana hurudishwa kwa mwenyewe. Ndivyo Humaidi alivyosomeshwa tangu angali na juzuu mkononi, na aliyeamrisha hayo hakusema isipokuwa wakurugenzi. Ijumaa, kabla ya sala, alivitia vichupa katika mkebe, akauziba kwa nta, akauzika katika friza kuukuu la bandama za ng'ombe waliokufa, ambalo uvundo wake ulitosha kuwa bawabu. Katika lile jipya akapanga vichupa arobaini vya chumvi ya Uvinza, ile ile iliyopita njia hii zamani vichwani mwa wapagazi. Hakusema uongo, hakuulizwa.

Ziara zikaendelea. Mama Koleta wa kijiji cha Ntalikwa akachungulia.

"Ndugu, mbona kama chumvi?"

"Mama, asiyesoma huona chumvi penye sayansi!"

"Haya, baba. Sisi tusiosoma ndio tunaopika."

Kwa uhodari wa kuhifadhi, Ndugu Sylvester alipandishwa cheo, akaondoka na friza lake kwa treni ya Dar es Salaam, ngoma zikirindima stesheni.

Wiki iliyofuata Paskazia alirejea, akakuta sakafu tupu.

"Shikamoo, mzee. Friza liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Limepandishwa cheo."

Paskazia akaketi juu ya kasha. Humaidi akamshika mkono, akampeleka kwenye uvundo, akafukua bandama, akautoa mkebe. Paskazia akaurukia mfuniko.

"Subiri! Upate joto la chumba kwanza, umande usiuingie unga. Si wewe uliyenifunza?"

Wakangoja, wakiutazama mkebe ukitoka jasho.

"Sasa mwenzetu kachukua nini?"

"Chumvi. Hiyo haiharibiki, hata akiihutubia."

Mkebe ulipokauka, nta ikabanduliwa. Paskazia akakiinamisha kichupa kimoja. Unga ukateleza, mkavu kama siku ulipofika. Akafumba macho.

"Hesabu arobaini, mwanangu," alisema Humaidi, "kisha unitue mzigo huu."