Bahasha Nyeupe za Shahamu

Nchi ya Shahamu ilijilaza baina ya milima miwili, ikichomwa na jua na kulambwa na upepo, na katikati yake, juu ya kilima kilichopandwa maua yasiyonukia, lilisimama jumba la Mtukufu Lihamba. Huyo alitawala kwa msaada wa Baraza la Masikio, wanaume walionona kwa jasho la wengine, ambao kazi yao ilikuwa kusikia hata yale ambayo wananchi hawajayasema. Kusini kabisa, mbali na kila kituo cha kura, yalikuwako mashamba ya chumvi, na huko aliishi Bi Tunukiwa.

Chumvi ilikuwa imemla miguu, hata hakuweza kutembea. Sheria kongwe, iliyotungwa kabla Masikio hayajaota, iliwaruhusu watu kama yeye kupiga kura kwa posta. Karatasi ilitiwa ndani ya bahasha nyeupe isiyo na alama, na hiyo ikatiwa ndani ya nyingine yenye jina na sahihi. Bahasha ya nje ilimthibitisha mpiga kura. Ya ndani ilimsitiri.

Bi Tunukiwa alipokwisha kutuma yake, Mjumbe Kigoda, aliyezoea kumletea dawa ya miguu kutoka serikalini, alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kura umeshapiga? Umempa nani?"

"Nimeipa posta, mwanangu."

Kigoda hakucheka. "Safari hii bahasha zote mbili zitafunguliwa pamoja. Ni kwa usalama wa kura, mama, wezi wamezidi. Kila karatasi itajulikana mwenyewe." Akaondoka na chupa ya dawa mfukoni, akisema ataileta matokeo yakishatoka.

Tangu hapo Bi Tunukiwa alikosa raha. Hakuijutia kura yake, maana alikuwa amemkataa Mtukufu kwa moyo mkunjufu. Aliihofia miguu yake, na aliwahofia majirani ambao yeye mwenyewe aliwahimiza wapige kura, akiwaapia kwamba ni siri.

Bahasha zilifika kwa msimamizi wa uchaguzi, mama mmoja mpole aitwaye Semeni. Amri ya Masikio ilikuwa mezani kwake. Aliisoma, akaigeuza kifudifudi, kisha akawaita mawakala wa pande zote waje mapema. Mbele ya macho yao alilinganisha kila sahihi na daftari la wapiga kura, akazitenga bahasha zenye majina, na zile nyeupe akazimimina zote ndani ya karai kubwa la bati, akazivuruga kwa mikono miwili kama aoshaye mchele. Wajumbe wa Masikio walipowasili, wakiwa wameshiba, walikuta rundo jeupe.

"Ya Tunukiwa ni ipi?" mmoja akauliza.

"Sijui," akajibu Semeni. "Nawe hutajua. Wezi nimewazuia kwa sahihi. Sasa tuhesabu."

Walimfukuza kazi jioni ile ile. Lakini mawakala wote walikuwa wameshuhudia, na kilichochanganywa hakikuweza kuchanguliwa. Kigoda, kwa kukosa ushahidi, alimrudishia Bi Tunukiwa dawa yake.

Bi Tunukiwa aliposikia yaliyotokea, alituma salamu mjini, naye Semeni akaja. Walikaa jikoni wakila viazi vya kuchemsha, na mwenyeji akamshika mgeni mkono.

"Mwanangu, umenisitiri wala hukunijua. Sina cha kukulipa ila dua. Walau nikwambie niliyempa kura yangu."

Semeni akatabasamu. "Usiniambie, mama. Kazi yangu nimeipoteza ili usilazimike kumwambia mtu."

Bi Tunukiwa akamwongezea kiazi.

Kilimani nako, husemwa, Mtukufu alishinda, lakini kwa unywele. Wazee wa Baraza nao walikuwa wamepiga kura kwa posta, kwa kuwa hawakupenda kupanga foleni na watu. Bahasha zao zilihesabiwa katika karai lao peke yao, na zaidi ya nusu zilimkataa Lihamba. Karamu ya ushindi iliandaliwa. Mtukufu alizitazama nyuso zilizomzunguka, zote zikimchekea, zote zikimpongeza, asijue ni zipi zilizomkataa. Mzee mmoja akammiminia kahawa, akamsogezea kikombe kwa heshima. Kahawa ikapoa.