Diwani Ako Sawa

Siku ya nne ya matanga, Peris aliporudi kutoka nyuma ya jikoni alikokwenda kupiga simu Kitale, baba yake mdogo Wakoli alimngoja aketi, kisha akamwuliza mbele ya waombolezaji wote kama alichosikia ni kweli.

"Ati unauliza paka? Watu wanalia hapa, wewe mwalimu unauliza kama paka amekula?"

"Ndiyo, baba. Nauliza."

Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha kujiziba mdomo kwa leso. Mtu akaongeza kwamba huyo paka hupigishwa mswaki kila asubuhi, na leso zikashindwa na kazi. Peris hakuona aibu hata kidogo. Aliona hasira. Ila hakuwa na pa kuiweka, maana binti wa boma hawezi kusimama huko Bumula, kwenye matanga ya Levi, ndugu yake wa damu, akaanza kufokea watu.

Paka mwenyewe alikuwa dume mweusi mwenye kifua cheupe. Mwaka uliopita alimfuata Peris kutoka nyuma ya bucha moja mjini Kitale, akakaa mlangoni mdomo wazi, udenda ukimtiririka, akidai chakula kama mtu aliyepigiwa kura. Ndiyo maana akaitwa Diwani. Mdomo wake ulinuka kiasi cha wageni kutazama viatu vyao na kukumbuka shughuli nyumbani. Walimshauri Peris amtie kwenye gunia, amvushe mto, amwache huko. Peris akampeleka kwa Daktari Chepkemei, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa wa upande wa Endebess. Chepkemei hakucheka. Alimfungua mdomo, akaona fizi zilizovimba zikawa nyekundu kama nyama mbichi, akamlaza kwa sindano na kumng'oa meno manne ya nyuma. Kisha akamkalisha Peris chini.

"Mwalimu, hii kitu haiponi. Inatunzwa. Ukimwona ako sawa, jua ni wewe unafanya kazi. Ukiacha, inarudi. Na akikataa chakula siku mbili, usingoje, nipigie. Paka hawezi njaa, ini lake linaharibika haraka."

Peris alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na sita. Maagizo aliyajua. Kila asubuhi alifunga kitambaa laini kidoleni, akakilowesha dawa, akapangusa fizi za Diwani polepole, kushoto kisha kulia, huku Diwani akinguruma na kumtazama kwa dharau. Chakula kilikuwa maini yaliyochemshwa na kupondwa, au dagaa wa omena waliosagwa wakawa uji. Mfupa, kichwa cha samaki na ukoko wa ugali vilipigwa marufuku. Baada ya miezi mitatu paka alinenepa, akaanza kujilamba tena, na manyoya yake yakang'aa.

Habari za kifo cha Levi zilipomfikia, Peris aliandika hayo yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Akampeleka Diwani kwa jirani yake Rahab, ambaye mtaa mzima humwita Mama Ciru. Alimchagua kwa akili. Rahab mwenyewe ana presha, na kila mwezi walikuwa wakikutana njiani akitoka kliniki na pakiti yake ya vidonge. Peris alijiambia kwamba huyu anajua dawa ya kila siku ni kitu gani.

Walikubaliana siku tano. Mazishi yakasogezwa, zikawa tisa. Kila siku Peris alipiga simu, na kila siku Rahab alijibu vilevile: "Diwani ako sawa, mwalimu. Wewe lia ndugu yako."

Siku ya saba alitumwa chumbani kutafuta vitambaa vya meza za wageni. Juu ya kabati, nyuma ya masanduku, palikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Alilifungua akidhani ni sindano na nyuzi. Zilikuwa dawa za presha, pakiti nane, kila moja na tarehe ya mkono wa nesi, kila moja imefungwa vile ilivyotoka kliniki. Kila mwezi Levi alipanda baiskeli kwenda kuzichukua, nesi asije akamgombeza, kisha akarudi nyumbani na kuzipandisha juu ya kabati.

Roselyne, mjane wa Levi, alimkuta nazo mkononi. Akafunga mlango.

"Mulamwa, wifi yangu, usiseme. Watasema ni mimi nilimuua."

"Kwa nini aliacha?"

"Alisema ako sawa. Si alikuwa analima, anakula vizuri? Alisema dawa ni ya mgonjwa."

Peris alirudisha kopo mahali pake, akatoka na vitambaa vya meza. Siku ya mazishi msoma wasifu alisimama na suti yake akatangaza kwamba marehemu aliugua ghafla. Ghafla. Miezi minane juu ya kabati, na mtu mzima anasema ghafla, na uwanja wote unatikisa kichwa kwa huzuni. Peris alitamani kumpokonya kipaza sauti. Lakini alimtazama Roselyne, akakaa.

Na kuna jambo lililomchoma kuliko wasifu. Mwezi wa nane alikuwa hapohapo Bumula, akala kuku wa Levi na kumwuliza presha inaendeleaje. "Niko sawa," Levi akasema. Peris akaitikia vizuri na kuomba chai nyingine. Paka, Peris alimfungua mdomo kila siku na kuchungulia hadi kooni. Lakini ndugu yake, Peris hakumwuliza swali la pili.

Alifika Kitale saa kumi alasiri, na kabla ya kufungua nyumba yake akaenda kwa Rahab. Diwani alikuwa amejikunyata nyuma ya gunia la mkaa jikoni. Kifua chake cheupe kilikuwa kimegandamana kwa udenda wenye damu, na mbavu zilihesabika. Peris alimsogezea maini. Alinusa, akafungua mdomo, akalia kidogo, akarudi nyuma.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

"Si huwa anakula?" Rahab akasema. "Sahani nikiangalia naona iko tupu."

Kuku wawili walikuwa wamesimama kando ya sahani hiyo, wakingoja.

"Na dawa?"

"Ile siku ya tatu alikula vizuri sana, hata akacheza. Nikaona huyu amepona, nitamsumbua na kidole kwa mdomo ya nini? Nikampa kichwa cha samaki afurahi."

"Mama Ciru, karatasi ulisoma?"

"Nilisoma. Lakini si alikuwa ako sawa?"

Hapo ndipo siku tisa zilipomtoka Peris kwa pamoja. Hakupiga kelele, walimu wa darasa la nne hawahitaji kelele. Alisema kwamba alikuwa sawa kwa sababu ya dawa, kwamba hiyo ndiyo kazi ya dawa, kumfanya mgonjwa aonekane si mgonjwa. Alisema amechoka na watu wanaotunzwa hadi wakapendeza halafu wanaona utunzaji ni usumbufu. Alisema Levi pia alikuwa sawa. Alikuwa sawa akilima, akawa sawa akila kuku, na Jumanne akawa sawa akifunga ng'ombe hadi alipoanguka kando ya kamba. Akasema kuhusu kopo. Hakuwa amemwambia mtu kuhusu kopo, na sasa alikuwa amemwambia Rahab jikoni, mbele ya kuku.

Rahab alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini taratibu.

Peris alimfunga Diwani kwa kanga akaenda naye nyumbani na kumpigia Chepkemei. Daktari alikuja na pikipiki kabla ya jua kuzama, bado na matope ya zizi kwenye viatu, akadunga sindano ya maumivu na nyingine ya kuua vijidudu. Akasema asimpanguse leo, fizi zina vidonda. Ampe supu ya maini iliyochujwa, kidogokidogo, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kila baada ya saa mbili, na asubuhi amlete. Peris akamwuliza kama atapona.

"Nilishakuambia haiponi," Chepkemei akasema. "Niulize kama atakula. Akikula leo, tuko pazuri."

Daktari alipoondoka Rahab akabisha. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi, ule wa unga. Aliumwaga mezani bila kukaa. Zilikuwa pakiti za vidonge, zile zile alizokuwa akitoka nazo kliniki, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Ya mwisho nilimeza Pasaka," akasema. "Nilikuwa najisikia vizuri."

Peris alizitazama. Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumkumbatia asimwachie, na yote mawili yalitoka mahali pamoja.

"Kesho saa mbili tunaenda," akasema. "Diwani kwa Chepkemei, kisha wewe kliniki. Na nitaingia ndani na wewe, nimwambie nesi."

"Mwalimu, utaniaibisha."

"Ndiyo."

Rahab akavuta kiti. Peris alimweka Diwani juu ya mapaja yake, akajaza supu kwenye bomba, akaliingiza pembeni mwa mdomo. Tone la kwanza lilitiririka nje. La pili pia. La tatu koo la paka lilicheza, akameza, akamtazama Peris kwa dharau yake ya zamani.

"Amemeza," Rahab akanong'ona. "Unaona? Ako—"

"Usiniambie ako sawa," Peris akasema, akijaza bomba tena. "Shika kichwa, uniambie amemeza mara ngapi."