Ndege ya Kwetu

Tii. Tii. Kabla ya mapambazuko, chembe za tope kavu zilidondoka juu ya kifuniko cha sufuria yangu. Mbayuwayu waliojenga juu ya mlango wetu walikuwa wameamka, nami nikaamka nao. Mwanangu Chola, mwenye wiki tatu tu duniani, hakuipenda sauti ile. Mimi niliipenda. Jirani anayeanza kazi bila kusukumwa hanisumbui.

Ilikuwa Novemba 1953, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mzungu wa ofisi ya reli. Mume wangu Donat alikuwa mpishi wake. Sisi wa nyuma tulimwita Bwana Darubini, maana darubini haikumtoka shingoni hata akienda misa. Aliwajua ndege wote. Aliwajua kwa kitabu, na kitabu kilichapwa Ulaya, kwa hiyo ndege wa hapa walitakiwa wajitahidi kufanana nacho.

Asubuhi moja alisimama chini ya kiota chetu.

"Donat, hii ndege iko ya kwetu?"

Donat alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya wazungu. "Ndiyo, Bwana. Iko ya kwetu."

Kila mmoja alikuwa na kwetu yake kichwani. Donat alimaanisha Katanga. Bwana alimaanisha kijiji chake Ubelgiji, alikomwacha mama yake mzee. Macho yakamlowa. Mbayuwayu wa kwao wamevuka jangwa lote waje kuzaa kwake! Siku ileile akamwandikia mama yake barua. Siku ya pili akatoa amri: moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, utaua makinda ya Ubelgiji. Tuhame chumba mpaka yaruke. Jumamosi tuwe tumetoka.

"Na hii mvua? Na mutoto?" nikamwuliza Donat.

"Amesema wiki tano tu."

"Na wewe ukasema nini?"

Akainama kufunga kamba za viatu vyake.

"Usinijibu. Ulisema 'Ndiyo, Bwana.'"

Hatukuwa na pa kwenda. Binamu yake alilaza watu tisa chumba kimoja. Wazazi wangu walikuwa Sakania, lakini karatasi ya ruhusa ya safari ingetolewa baada ya majuma matatu, serikali ikiwa na haraka. Ndege alitoka Ulaya bila kuomba karatasi kwa mtu.

Na ndege wale niliwajua. Baba yangu alifagia kituo cha reli cha Sakania, nami nilikua nikiwatazama. Wako wa aina mbili. Wa nyumba wana kichwa chekundu na kifua chenye mistari, kama kimechorwa kwa makaa. Hujenga chupa ya tope yenye shingo nyembamba, kama ile ya juu ya mlango wetu. Wa waya huja na mvua za kwanza. Mgongo wa buluu, koo jekundu, tumbo bila mstari hata mmoja. Hukaa kwenye nyaya za simu wakibadilisha manyoya, jioni hulala kwenye matete, Aprili huondoka. Sijamwona hata mmoja akibeba tope. Ndio wageni pekee wa Ulaya niliowajua waliokuja bila kudai chumba cha mtu.

"Mwambie 'Hapana, Bwana,'" nikamwomba Donat. "Iko neno fupi."

"Lile sikufundishwa, Mama Chola."

Ijumaa ikanyesha mvua ya mawe. Mbayuwayu mmoja wa waya akaanguka uani, amelowa, amekakamaa. Nikamfunga katika kitambaa cha Chola, nikamweka kando ya mbabula. Alipoanza kutetemeka nikaona pete ya bati mguuni. Masista walinifundisha kusoma, polepole: BRUXELLES, kisha namba. Kumbe hata ndege walikuwa wameandikishwa, kama Donat na kitabu chake cha kazi.

Nikambeba Chola mgongoni, ndege mkononi, nikazunguka mpaka baraza ya mbele, ambako wake wa nyuma hatukukanyaga.

"Bwana, ya kwenu ndiyo hii. Ile ya mulango iko ya kwetu. Angalia kifua."

Alifungua mdomo anifukuze, akaiona pete. Akaenda chini ya kiota, akainua darubini, ingawa kiota kilikuwa karibu na pua yake. Alikaa pale mvuani muda mrefu. Mistari haikufutika.

"Donat alisema iko ya kwetu," akanung'unika.

"Alisema kweli, Bwana. Ya kwake."

Nikangoja hasira. Lakini kabla ya kumpokea ndege, mtu yule alisugua viganja vyake na kuvipulizia pumzi, asimshike kwa baridi. Hapo nikamsamehe nusu.

"Ulimuponyesha na nini?"

"Na moto wa mbabula, Bwana. Pale penye moshi."

Akawa mwekundu kuliko koo la ndege. "Mubakie," akasema. "Na mbabula ibakie." Kisha, kwa sauti ndogo: "Itabidi nimuandikie mama barua ingine."

Mvua ilipokatika akafungua viganja. Ndege akapanda mpaka kwenye waya, akajikung'uta, wala hakumshukuru mtu. Bwana akavuta kiti, kile ambacho Donat alikifuta miaka sita bila kukikalia, akanisogezea mimi. Tukatazama waya pamoja. Aliniuliza wanalala wapi, nikamwambia habari za matete. Aliandika pembeni mwa kitabu chake, tena akaniomba nirudie.

Chola alipoanza kulia, nikasimama niende zangu.

"Mama Chola," akasema, "kesho mukuye tena kwetu. Mupite hapa mbele."

Donat, aliyekuwa akitoka na kahawa, akawahi kunijibia:

"Ndiyo, Bwana."