Kiti Kimoja cha Lusenyi

Vidole vya Mado vilikuwa havijapata joto tangu alipotoka kazini asubuhi. Alivitia kwenye maji ya uvuguvugu, akavipitisha kwenye mvuke wa sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, akavibandika ubavuni mwa sufuria mpaka ngozi ikalalamika. Vikabaki vile vile, vyeupe kwenye ncha, kama vidole vya kuazima. Katika ghala la baridi la Garland, Texas, anakofunga kuku kwenye mifuko, glavu nzito hupewa anayeomba, na supavaiza ana ugonjwa wa kuwasahau wanaoomba.

Sasa alikuwa jikoni mwa ukumbi wa kanisa, hajalala, anageuza samaki wa mgeni.

Mgeni alikuwa Onorabo Edson. Onorabo ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mbunge, hata akiwa hajafungua mdomo bungeni tangu aapishwe. Wiki iliyopita wenzao wanaoishi Houston walimpokea kwa mbuzi wawili na tarumbeta. Watu wa Dallas wakaapa hawatachekwa. Ndiyo maana mbuzi walikuwa watatu, na mmoja wao, kwa masimulizi ya waliokwenda kumchinja, alikimbia nusu ya shamba huku kichwa chake kimebaki nyuma kinamwangalia. Huko ukumbini wimbo wa kumsifu Onorabo ulikuwa ukirudiwa kwa mara nyingine, kwa sababu waliochelewa nao walitaka waonekane wanauimba.

Mado hakuja kwa ajili ya mbuzi. Alikuja na sentensi moja. Aliifanyia mazoezi usiku kucha mbele ya kuku waliokufa, kimoyomoyo: Onorabo, ninakuomba umtoe mdogo wangu Gracien.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Aliingia Shem, mwenyekiti wa jamii, suti imembana, tai ina rangi za chama cha Onorabo.

"Mama Mado! Acha ile sufuria. Onorabo anakuita."

"Mimi?"

"Wewe. Nawa mikono kwanza. Usiende kumsalimia na harufu ya samaki."

"Si samaki wake mwenyewe?"

"Eh, dada. Ule mdomo uutunze," Shem akasema, na hakucheka. "Leo utauhitaji."

Alimpeleka mwisho wa korido, kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Ukutani wanyama wa karatasi walikuwa wakiingia safina wawili wawili. Viti vyote vilikuwa vya watoto, vya plastiki, na Mheshimiwa Edson, mtu mpana, alikuwa amekikalia kimoja kikapotea chini yake chote, miguu na vyote, hata ukadhani amechuchumaa juu ya hewa kwa amri ya serikali. Mezani palikuwa na sahani yake: wali, samaki mmoja mzima, pilipili pembeni.

"Karibu, dada yangu. Kaa."

Mado akakaa. Magoti yakamfika kidevuni. Shem alibaki amesimama mlangoni, akaufunga.

"Baba yako nilimjua sana," alisema Mheshimiwa. "Mwalimu. Mtu wa watu."

Mado alijua jinsi alivyomjua.

Katika jimbo la Lusenyi viti vya bunge hugawanywa kwa uwiano. Chama huleta orodha ya majina, mpiga kura huchagua jina analolipenda, lakini kura yake hupimwa pamoja na kura zote za orodha ile. Orodha ikitimiza uzito, hupewa kiti. Na kiti hukaliwa na mwenye jina la juu. Mheshimiwa Edson alitoka mji mkuu. Kule mlimani Lusenyi hata mbwa walikuwa hawamjui, na mbwa wa mlimani wanajua watu wengi. Kwa hiyo katika uchaguzi wa kwanza aliandika jina lake juu, na chini yake akaandika la mwalimu. Watu wa mlimani waliteremka alfajiri, wazee wamebebwa kwa machela, wakampigia mwalimu. Orodha ikapata kiti kimoja. Akakikalia Edson. Mwalimu alipewa saa ya ukutani yenye picha ya Mheshimiwa, saa ambayo, walioiona wanaapa, ilikuwa ikirudi nyuma.

Uchaguzi wa pili mwalimu alikuwa amekwisha kufa. Chini ya jina la Edson likaandikwa la Gracien, kitinda mimba wa mwalimu, muuguzi wa zahanati ya mlimani. Machela zikateremka tena. Kiti kimoja tena. Akakikalia Edson tena. Safari hii Gracien alikwenda na watu hadi mlango wa ofisi ya tume ya uchaguzi, kuuliza kura za mlima zimelala wapi. Alichukuliwa palepale mlangoni, akafungwa. Walisema amechochea fujo. Hakimu hajamwona mpaka leo.

"Onorabo," Mado alianza, na sentensi aliyoifanyia mazoezi ikatoka nyingine. "Zile kura zilikuwa za Gracien."

Shem alikohoa mlangoni.

Mheshimiwa hakukasirika. Alivuta sahani katikati ya meza, kama mtu anayemfundisha mtoto, na chumba kilimsaidia.

"Dada, tazama. Huu wali ni kura. Donc, basi, kila orodha inaleta wali wake, tume inapima. Wali ukitosha, tume inaweka nini juu?"

"Samaki."

"Bravo. Kiti. Sasa, wali hauna jina. Ukiisha kuingia kwenye sahani, utajua punje hii ya nani, punje ile ya nani?"

"Na samaki anamla nani?"

"Kichwa cha orodha."

"Na yule aliyeuleta wali?"

Mheshimiwa akamega kipande cha samaki. "Anashukuriwa," akasema, akatia mdomoni.

Ukumbini makofi yalikuwa yakipigwa kwa mpigo, na sakafu ya chumba cha watoto ikitetemeka kidogo. Mado aliviangalia vidole vyake. Akaisema ile sentensi, safari hii kama ilivyokuwa.

"Onorabo, ninakuomba umtoe mdogo wangu Gracien."

"Njo maana nimekuita!" Mheshimiwa alipiga paja. "Unafikiri mimi ninalala? Yule kijana ni wa orodha yangu. Ni damu yangu ya kisiasa. Lakini sikiliza. Uchaguzi uko mlangoni. Mbunge bila kiti ni nani? Ni mzee tu mwenye suti. Nikipiga simu, nani atapokea? Nipe kiti, dada. Mimi nitakupa ndugu."

"Mimi nifunge kuku Texas, nikupe kiti wapi?"

"Kwa sauti yako."

Hapo Mado akaelewa alichoitiwa.

Kabla ya vita, kabla ya kambi, kabla ya Garland, Mado alikuwa akisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya ziwani, kwa lugha ya mlimani. Watu wa kule waliwasikia wanasiasa, wakawasikia wahubiri, wakaenda zao kulima. Lakini Mado aliposema mtu amekufa, amekufa. Kuna mzee alitangazwa kwa kufanana jina na marehemu. Aliporudi kutoka sokoni, mkewe alimpa ugali nje, kwa heshima zote, kama anavyopewa mgeni, akamwambia angojee tangazo la jioni. Hakuingia ndani mpaka Mado alipomfufua kwenye redio.

"Ujumbe mfupi wa sauti," alisema Mheshimiwa, akiweka simu yake mezani karibu na sahani. "Kwa lugha yenu. Unasema mwaka huu wapigie orodha yetu, Gracien yumo. Kiti kikipatikana, Gracien anatoka. Njo hivyo tu. Kesho mlima wote umesikia."

"Wewe lugha yetu huijui."

"Shem anaijua."

Mado akageuka. Shem, mtoto wa mlimani, ambaye mwalimu alimfundisha kusoma kwa kijiti kwenye mchanga, alikuwa akiwatazama twiga wa karatasi.

"Nataka kumsikia Gracien kwanza," alisema Mado.

Alidhani hilo litachukua siku. Alidhani litakataliwa. Mheshimiwa alipangusa kidole kimoja, akagusa simu mara mbili, akaweka spika. Mlio wa kwanza haukumalizika.

"Ndiyo, Onorabo!" Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyesimama ghafla.

"Mkurugenzi, niletee yule kijana."

"Mara moja, Onorabo."

Mheshimiwa akarudi kwa samaki wake. Mado aliusikia mlango wa chuma, kisha mwingine, kisha kandambili zikiburuzwa sementini. Mtu aliyeshindikana kupatikana kwa wakili, akashindikana kwa padri, akashindikana kwa mkewe aliyesimama langoni na mtoto mgongoni mpaka mvua ikawafukuza, alipatikana kabla Mheshimiwa hajamaliza kutoa miiba.

"Allo?"

"Gracien."

"Dada? Dada Mado?" Kikohozi kikamkata, kirefu, cha chini. "Dada, uko mzima?"

"Niko mzima. Unakula?"

"Leo nimekula. Wamenivalisha shati nyeupe, wakanipiga picha. Ya orodha. Niko chini yake tena."

Mado akahamia lugha ya mlimani, upesi upesi. Alijua Shem anasikia, na alisema hivyo hivyo.

"Nisikilize. Wanataka niwaambie watu. Nikisema, hawa watakula tena kura kama walivyokula za baba. Na wewe je, uchaguzi mwingine watakuhitaji wapi? Nje? Wewe uko na bei ukiwa humo ndani, mdogo wangu. Machela zinateremka kwa ajili ya mfungwa. Niambie nisiseme, nami sitasema."

Mheshimiwa aliacha kutafuna. Akamtazama Shem, na Shem akainua mkono kidogo: ngoja.

Mado alimjua Gracien. Alimjua tangu alipokuwa akikataa uji wa moto na uji wa baridi pia. Ndiye aliyeupigia mlango wa tume ngumi. Alikuwa tayari kuisikia hapana yake, na mwenyewe alikuwa amekwisha kukunja miguu ili asimame akiisikia.

"Dada, sema," ilisema simu.

"Nini?"

"Sema kile wanachotaka. Chochote. Yule niliyekuwa nalala naye mkeka mmoja hakuamka jana. Wamemwacha palepale mpaka jioni." Kikohozi tena. "Sema upesi, dada. Ninakuomba. Sema upesi."

Mheshimiwa alinyoosha kidole.

"Mkurugenzi. Mrudishe. Umpe blanketi."

"Mara moja, Onorabo."

Basi blanketi nalo lilikuwapo.

Mlango ukafunguliwa. Charlotte, mke wa Mheshimiwa, aliingiza kichwa, kilemba kimesimama kama mnara.

"Chéri, wale wageni wa Houston wako na haraka ya kurudi. Wanataka photo." Akamwona Mado. "Ah! Ni wewe mwenye kupika sombe? Mama, una mikono ya baraka. Utanifungia kidogo, niende nayo kwa hoteli Irving."

"Ndiyo, mama," alisema Mado.

Mlango ukafungwa. Mheshimiwa akaisukuma simu mbele yake. Alisogeza sahani pembeni kwa upole, isije ikagonga na kuingia kwenye sauti.

Mado alishikilia kitufe cha kurekodi kwa kidole, akasafisha koo. Alipoanza, hata Shem alisimama wima, kwa sababu ilikuwa sauti ile ile ya redioni. Miaka na baridi vilikuwa havijaigusa.

"Watu wa mlimani, ni mimi, Mado wa mwalimu. Msiache majembe, leo sitangazi kifo. Kijana wenu Gracien yuko hai. Nimemsikia kwa masikio yangu. Mwaka huu jina lake liko tena kwenye orodha ile mliyoipigia. Mpigieni. Orodha ikipata kiti, Gracien atatoka. Nimeambiwa hivyo na mwenye kiti, niko mbele yake, anakula."

Akaondoa kidole. Mheshimiwa akamgeukia Shem.

"Amesema namna gani?"

Shem akainyoosha tai ya chama.

"Amesema yote, Onorabo."

"Bila kuongeza?"

"Bila kuongeza."

Mheshimiwa akabonyeza. Ujumbe ukaondoka kwenda simu za mlimani, na mlio wake mdogo. Akakaa akiitazama simu, uso umelainika, mkono juu ya tumbo. Haukupita muda, majibu yakaanza kuingia, moja juu ya jingine, na akayafungua kwa sauti kubwa. Vigelegele. Mwanamke analia. Mzee anapiga kelele kwa lugha ya mlimani, kuku wake nyuma wakiitikia: tumekusikia, mwanangu, tumekusikia, hata mimi nitabebwa.

"Unaona?" alisema Mheshimiwa. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Unaona watu wako wanavyokupenda?"

Mado aliweka viganja sakafuni ili ainuke kwenye kile kiti kidogo.

"Atatoka lini, Onorabo? Siku ya kutangazwa matokeo? Nimwambie mkewe lini?"

"Kaa kwanza, dada. Bado kidogo." Alikuwa amekwisha kuifungua simu tena na kuirudisha mbele yake. "Ile ilikuwa nzuri sana. Sana. Sasa rudia ile ile, maneno yale yale. Lakini usitaje mwaka. Hii nitaiweka akiba."

Shem akaangalia viatu vyake.

Simu ilikuwa imeanza kurekodi. Kwenye kioo chake mstari mwembamba mwekundu ulikimbia mbele bila sauti, ukiruka kidogo kiti cha plastiki kilipolia, ukiruka tena ukumbini walipocheka, ukichukua kila kitu, ukimngojea.